Pima Ziwa, Usimpeleleze Mtu: Mwongozo kwa Wafuatiliaji wa Mazingira Nakivale

Anayeishi Nakivale hahitaji setilaiti imwambie kwamba kuni zimekuwa mbali. Miguu yake imekwisha kumwambia. Anachokosa ni ushahidi ambao ofisa wa Isingiro au Mbarara hawezi kuuweka kando kwa kusema kwamba hayo ni maneno ya watu tu. Makazi haya ya wakimbizi nchini Uganda yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo yana zaidi ya watu 200,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, nao wanaishi kandokando ya ziwa lenye kina kifupi ambalo, pamoja na Ziwa Mburo, liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watu wengi, ziwa dogo: ndiyo maana lawama ya kila kinachoharibika humwangukia mkimbizi kwanza, naye hana karatasi ya kuijibia. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuanzisha kikundi cha kufuatilia hali ya mazingira hapa, awe mwalimu, mvuvi, kiongozi wa baraza la ustawi wa wakimbizi (RWC) au mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC I). Hoja yangu ni hii: simu itawafaa mkipima vitu vichache, mahali palepale, kwa miaka, wakimbizi na wenyeji wakiwa pamoja, na mkiandika hali ya ardhi na maji bila kuandika nani kafanya nini. Kikundi kinachopima kila kitu kwa mwezi mmoja kisha kikanyamaza, au kinachogeuka kuwa macho ya polisi, ni afadhali kisianze.

Kazi ya namna hii si ngeni. Katika miaka ya 1990 huko Afrika Kusini, Louis Liebenberg alishirikiana na wasoma nyayo, ambao baadhi yao hawakujua kusoma wala kuandika, akatengeneza programu ya CyberTracker inayotumia picha ndogo badala ya maneno: unagusa picha ya mnyama, kifaa kinaandika mahali na saa. Programu hiyo baadaye ilitumiwa na walinzi wa ardhi na bahari wa jamii za asili za Australia, ambao serikali yao imekuwa ikiwalipa kwa kazi hiyo chini ya mpango ulioanza mwaka 2007. Karibu nasi zaidi, mkoani Kigoma, Taasisi ya Jane Goodall iliwapa wafuatiliaji wa misitu ya vijiji simu na tableti zenye fomu za kielektroniki za ODK, na takwimu zao zikasaidia katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Katika mifano yote hiyo kifaa kilimkuta mtu ambaye tayari alikuwa anaijua ardhi, kikampa namna ya kuandika anachokijua. Lakini kuna tofauti moja ambayo usiivuke kwa haraka. Mlinzi wa Australia au wa kijiji cha Kigoma anasimama juu ya ardhi inayotambuliwa kuwa yake au ya kijiji chake. Mkimbizi wa Nakivale analima kipande alichopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tuliyozoea kuiita OPM, na jirani yake Mnyankole anaona ardhi hiyo ilikuwa malisho ya baba yake. Takwimu zilizokusanywa na upande mmoja zitasomwa na upande wa pili kama silaha, hata zikiwa sahihi kabisa. Kwa hiyo jozi ya mkimbizi na mwenyeji ni sharti la kwanza la vipimo kuaminika. Usiichukulie kama mapambo ya ripoti ya mfadhili.

Mkishakuwa na jozi, chagueni swali kabla ya kuchagua programu. Vikundi vingi huanza na miti, kwa sababu miti huonekana na wafadhili huipenda. Mimi ningeanza na maji, na sababu ni ya kijiografia. Mto Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, hupita katikati ya jiji la Mbarara, kisha hulisha mfumo wa maziwa ambamo Nakivale imo. Njiani kingo zake zimelimwa, zimechimbwa mchanga na udongo wa matofali, na mabonde yake ya mafunjo yamekaushwa kwa ajili ya mashamba na malisho. Tope linalofika ziwani basi lina vyanzo vingi: lingine linatoka vilima vya Isingiro vilivyo uchi, lingine katika mashamba ya makazi yenyewe, lingine mbali kabisa juu ya mto. Anayepima miti ndani ya mipaka ya makazi peke yake atapata jibu lililokwisha kuamuliwa na mahali alipopima, kwamba uharibifu uko ndani ya makazi. Anayepima uwazi wa maji katika nukta chache, kuanzia maji yanapoingia ziwani hadi upande wa makazi, pale Base Camp, na akapata mwenzake wa kupima Rwizi pale Mbarara, anaweza kuanza kutenganisha sehemu ya mkimbizi na sehemu ya wengine. Pengine sehemu ya mkimbizi itaonekana kubwa. Hiyo nayo ni habari, na ni bora itoke kwenu.

Kifaa cha kupimia uwazi wa maji hakina betri. Ni kisahani cha Secchi, kilichopewa jina la padre Mwitaliano Angelo Secchi aliyekijaribu mwaka 1865. Chukua mfuniko wa ndoo ya rangi, ukate duara la upana wa sentimita 20, uligawe mara nne, upake robo mbili rangi nyeusi na mbili nyeupe, zikikabiliana. Toboa katikati, funga kamba isiyovutika, ning'iniza jiwe au chuma chini yake ili kisielee, kisha tia alama kwenye kamba kila sentimita 5. Mkiwa ndani ya mtumbwi, upande wenye kivuli, teremsha kisahani polepole hadi kipotee machoni, soma kamba. Kipandishe hadi kionekane tena, soma kamba. Wastani wa visomo viwili ndio jibu. Fanyeni hivyo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, bila miwani ya jua, na mwenzako arudie bila kuona namba uliyoandika. Kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi, kuna siku kisahani kitagusa chini kabla ya kupotea. Siku hiyo andikeni kwamba kimegusa chini, msibuni namba. Andikeni pia kama mvua ilinyesha jana na juzi, maana tope la siku moja baada ya gharika halilingani na la siku ya kumi ya jua. Na viboko wamo ziwani: nendeni na mvuvi anayejua njia zao, mvae maboya, na kama hakuna maboya pimeni kutoka gatini.

Baada ya maji, ukingo. Hapa ndipo simu inapoanza kulipa gharama yake. Chagueni sehemu tano au sita zinazofikika mwaka mzima, kila moja iwe na kitu kisichohama, mwamba au kona ya jengo, mpige picha mkiwa mmesimama palepale, mkielekea upande uleule, mara moja kila mwezi. Picha moja ya mafunjo haina maana sana. Picha 24 za mafunjo yaleyale, zikipangwa kwa tarehe, huonyesha yaliporudi nyuma na yaliposonga mbele, na huonyesha pia kama yalipungua wakati wa kiangazi tu kisha yakarejea, jambo ambalo ofisa anayekuja mara moja kwa mwaka hawezi kulijua. Kabla ya kuhifadhi mahali, subiri simu ionyeshe kosa la GPS lisilozidi mita 5. Simu ya bei nafuu iliyotoka tu mfukoni inaweza kukuweka shambani kwa mtu mwingine. Na kama picha itapitia WhatsApp, ujue kwamba ikitumwa kama picha ya kawaida huondolewa taarifa za mahali na saa zilizokuwa ndani yake. Ikiwa ni ushahidi, itume kama faili au ipitie kwenye fomu.

Kuhusu fomu, KoBoToolbox inatosha. Mashirika mengi ya misaada yameshaizoea, kwa hiyo hakuna atakayewauliza takwimu zenu zimetoka chombo gani. Inafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Na fomu moja inaweza kubeba lugha kadhaa, Kiswahili kwa Wakongo na Warundi, Kinyankole kwa wenyeji, Kisomali, Kinyarwanda. Tafsiri ifanywe na watakaoitumia, siyo na mtu wa ofisini, kwa sababu "ukingo" wa mvuvi na "ukingo" wa mkulima si mstari mmoja. Iwe fupi. Fomu ya maswali kumi itajazwa mwaka wa pili. Fomu ya maswali sitini itajazwa siku ya mafunzo, siku ya mgeni na basi. Maswali ya kuchagua yatangulie ya kuandika, picha ndogo zisaidie wasiosoma, na swali la mwisho liache nafasi ya kusema jambo ambalo fomu haikulitarajia. Mwenye kitochi asiachwe nje: ashike kamba na daftari, mwenzake mwenye simu ya tachi aingize namba, na daftari lihifadhiwe, kwani siku seva ikigoma au simu ikianguka majini, ndilo litakalobaki. Bando la kutumia ni dogo mkipunguza ukubwa wa picha ndani ya programu. Kuchaji ndiko kunakosumbua zaidi, na ni gharama ambayo bajeti nyingi za miradi huisahau kana kwamba kila nyumba ya makazini, Juru au Rubondo, ina umeme.

Atatokea mtu aseme: kwa nini kuhangaika na kamba na mtumbwi wakati setilaiti inaona kila kitu, tena bure? Haioni kila kitu. Sentinel-2 hupita juu ya Uganda kila baada ya siku tano hivi na kuona vipande vya mita 10 kwa 10. Mawingu ya msimu wa mvua huziba sehemu kubwa ya picha hizo, yaani wakati uleule tope linapoingia ziwani. Ramani za Global Forest Watch huhesabu mti kuanzia urefu wa mita 5, na zimetengenezwa zaidi kwa misitu mizito. Isingiro ni nchi ya mbuga na migunga iliyotawanyika, kwa hiyo mtu anaweza kukata mgunga mmoja leo na mwingine kesho mpaka kilima kiishe bila tahadhari hata moja kutokea kwenye skrini. Kinyume chake, shamba la mikaratusi linaloiva na kuvunwa kihalali linaweza kuonekana kama janga. Ambapo setilaiti haina mshindani ni katika kurudi nyuma. Picha za Landsat zenye vipande vya mita 30 zimekuwa zikipigwa tangu miaka ya 1980, na tangu 2008 ni bure. Kwa hizo unaweza kuchora ukingo wa ziwa wa kabla ya wengi wa wafuatiliaji wenu kuzaliwa. Mgawanyo wa kazi basi ni wazi: setilaiti kwa historia na eneo kubwa, mkono wa mtu kwa sasa na kwa sababu. Ndege zisizo na rubani niziache. Vibali vyake Uganda vinagusa mamlaka ya anga na jeshi, na faida yake kwa kikundi kidogo hailingani na maswali zitakayowaletea.

Sasa jambo gumu. Siku moja, tena mapema, wapimaji wenu watakuta tanuru la makaa likifuka moshi, na pembeni yake mama wanayemfahamu. Mgao wa chakula ulipunguzwa sana mwaka 2023, wakati Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kiwango cha uhitaji, na baadhi wakaondolewa kabisa. Mwenye kipande kidogo cha ardhi na watoto wa kulisha hana mengi ya kuuza; makaa huuzika. Je, muandike tanuru? Jibu langu ni kwamba muandike visiki, mti wa aina gani na eneo kwa ukubwa, na msiandike jina, sura, wala nukta itakayompeleka askari mlangoni kwa mtu. Atakayepinga atasema huko ni kuwaficha wavunja sheria. Pingamizi hilo lina uzito, na lingenishinda kama wapimaji wangekuwa askari wa wanyamapori. Walinzi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda hutumia mfumo wa SMART, uliotengenezwa kwa ajili ya doria, na nyuma yao wana sheria, sare na mshahara. Wapimaji wenu hawana hata kimoja. Siku mtu wa kwanza atakapokamatwa kwa picha yenu, wavuvi watakataa kuwapakia, akina mama watanyamaza mkipita, na vipimo vya mwaka mzima vitakuwa na shimo pale ambapo mambo yanatokea hasa. Utakuwa umempata mchoma makaa mmoja na kulipoteza ziwa zima. Zaidi ya hayo, anayechoma gunia moja siye anayejaza lori, na kamera ya kijijini humwona yule wa kwanza tu.

Sheria nayo iko upande wa tahadhari hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu apate ridhaa yake na aeleze atazitumiaje. Njia rahisi ya kutoivunja ni kutokusanya taarifa za mtu kabisa. Picha yenye uso ifutwe palepale, mbele ya mwenye uso. Taarifa zinazotoka nje ya kikundi zitaje kijiji, siyo nukta ya GPS, isipokuwa zile za maji na sehemu za picha ambazo hazimgusi mtu. Na kabla ya hayo yote, mkuu wa makazi apewe barua na kibali kiombwe OPM. Kikundi kinachozunguka na simu kikipiga picha bila karatasi kitashukiwa, na kwa haki.

Wengine watauliza kama wataalamu watakubali namba za watu wasiosomea kazi hii. Hawatazikubali kwa sababu ya nia njema. Watazikubali zikiwa na dalili za ukweli, na dalili mojawapo ni kukiri tofauti: visomo viwili vya kisahani kimoja, vyote viwili vikiandikwa hata visipolingana, miezi iliyokosekana ikiachwa wazi badala ya kujazwa kwa makadirio, siku ambayo kamba ilibadilishwa ikitajwa. Takwimu laini kupita kiasi ndizo humshtua msomaji mzuri. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kipo jirani, na wanafunzi wake kila mwaka hutafuta mada za utafiti. Waombeni wapime sampuli chache maabara siku ileile mliyoshusha kisahani, ili ijulikane sentimita 30 za kwenu ni sawa na tope kiasi gani. Sharti lenu liwe kwamba matokeo yanarudi Nakivale kwa lugha inayosomeka.

Pa kupeleka ripoti ndipo vikundi vingi hufia. Ripoti ikipelekwa kwa mfadhili peke yake hubaki kwa mfadhili. Ofisi ya Kanda ya Usimamizi wa Maji ya Victoria, ya Wizara ya Maji na Mazingira, iko Mbarara, na ndiyo inayoshughulikia bonde la Rwizi. Kuna pia kamati ya bonde hilo, ambamo sauti ya watu wa chini ya mto inastahili kusikika. Wilaya ya Isingiro ina ofisa mazingira wake. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai, lakini mikutano ya bajeti ya wilaya hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, kati ya Oktoba na Novemba. Ripoti ya kurasa mbili ikifika Septemba itakuta kalamu bado mkononi, ikifika Mei itakuta mambo yamefungwa. Andikeni ombi moja linalotekelezeka, kwa mfano kurudishia mafunjo mita mia kadhaa za ukingo mlizokwisha kuzipiga picha. Msipojibiwa, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005, inayomruhusu mtu kudai nyaraka za serikali, pamoja na vipimo ambavyo ofisi zenyewe zinavyo kuhusu Rwizi. Ila haki hiyo ni ya raia. Mkimbizi hawezi kusaini ombi hilo. Mwenzake mwenyeji anaweza. Mwenyeji naye hana mwaka mzima wa vipimo vya ndani ya makazi, mkimbizi anavyo.

Mwisho, pangeni kuondoka kwa watu tangu siku ya kwanza. Mpimaji wenu bora anaweza kuitwa mwezi ujao kwa safari ya kuhamia nchi nyingine, na hakuna atakayemwomba abaki kwa ajili ya kisahani. Kila nukta iwe na maelezo ya ukurasa mmoja yenye picha, kiasi kwamba mgeni aipate bila kuonyeshwa. Kila mpimaji afunze mwingine kabla ya kumaliza msimu wake wa pili wa mvua. Neno la siri la akaunti ya KoBo likae kwa watu wawili, mkimbizi na mwenyeji, libadilishwe kila mmoja wao anapoondoka, na kila robo mwaka takwimu zote zipakuliwe kama jedwali na zihifadhiwe nakala mbili, moja Nakivale na nyingine Mbarara.